Vyumba Sitini na Vitatu vya Bibi Randa

Ukimtafuta Bibi Randa siku ya kazi, huna haja ya kuuliza mtu. Fuata maranda ya mbao. Yanaanzia kibarazani kwa jirani, yanakatiza uani, yanaingia mpaka jikoni, na mwisho wake utamkuta mwenyewe: bibi mfupi, penseli sikioni, kafumba jicho moja anachungulia kama ubao umenyooka. Useremala alifundishwa na baba yake. Mabenchi yote ya kanisa ni kazi ya mikono yake, enzi zile magoti yake yalikuwa hayalii kama bawaba kavu.

Kanisa hilo lina desturi yake moja. Mtoto akiletwa kubarikiwa, mama yake hampeleki mbele. Anampa mtu wa benchi la mwisho, huyo anampa mwenzake, na mtoto anasafiri mkono kwa mkono, benchi kwa benchi, hadi kwa mchungaji. Kila mtu lazima amshike. Akirukwa hata mmoja, basi, mtoto anasubiri mwaka mwingine. Mwana wa Bibi Randa alipita njia hiyo akiwa na miezi mitatu. Sasa naye, baada ya miaka tisa ya ndoa na machozi mengi, alikuwa amepata binti. Jumapili ya baraka ilikuwa imebaki wiki tatu tu, na Bibi Randa alishawatangazia mpaka wateja waliokuja kuchukua vitanda vyao.

Hapo ndipo Mchungaji alipohubiri kwamba kanisa ni watu waliotengwa na Mungu, wakabarikiwa. Mahubiri mazuri tu. Kosa lake ni kwamba kesho yake alisafiri kwenda kutibiwa mgongo, akaliacha neno hilo mikononi mwa Katibu.

Katibu, mtu wa tumbo kubwa na mkoba mdogo, alifika karakana asubuhi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umevunja kiti kingine?"

"Bibi nawe! Nimekuja kwa kazi ya Bwana. Sisi si tumetengwa? Sasa mbona tumebanana kama viazi guniani? Mgeni hapa, mshirika hapa, magoti yanagusana! Kamati inataka ukuta."

Bibi Randa akapiga ukuta. Wageni huku, washirika kule. Haikupita siku mbili, wanakwaya wakalalamika: wao wametengwa ndani ya waliotengwa, iweje wachanganywe na watu wasiojua hata sauti ya pili? Akapiga ukuta wa pili. Wazee wa kanisa wakataka wao. Wazee wa kamati wakataka wao, mbali na wazee wasio na kamati. Kisha mume mmoja akaomba atengwe na mkewe, kwa muda wa ibada tu, alisema. Mwishowe Katibu akarudi na karatasi.

"Tumalize ubishi. Kila mtu na chumba chake. Mlango, namba, kistuli ndani. Mabenchi tutayatoa nje."

"Mabenchi yangu?"

"Na wewe utakuwa na chumba, Bibi. Mstari wa mbele kabisa!"

Bibi Randa alitazama mbao zilizoletwa. Akazinusa. Akazigonga kwa kidole.

"Katibu, hizi mbichi. Mvua ikinyesha zitavimba."

"Mbao za nyumba ya Mungu hazivimbi."

"Mungu hajawahi kuniambia hivyo, na nimemfanyia kazi miaka thelathini."

Lakini chumba cha mstari wa mbele kilimwingia. Angemwona mjukuu wake anavyopokelewa, tena kwa karibu! Basi akapima, akakata, akapiga msasa. Kila chumba upana wa sentimita sitini. Cha Katibu, namba moja, sabini na tano. Kuta zikapita vichwa vya watu. Mistari saba, kila mstari vyumba tisa vilivyoshikana, vimesimama juu ya saruji bila kufungwa chini. Jumla sitini na vitatu. Alipofika kwenye chumba chake mwenyewe, mbao zikaisha.

"Utakaa kwenye sanduku lako la vifaa," Katibu alisema. "Kwa Jumapili hii tu."

Mvua ilianza Alhamisi. Paa la kanisa linavuja sehemu moja tu, mbele, juu ya mstari wa kwanza.

Jumapili ya baraka Mchungaji alirudi, mgongo umefungwa mkanda. Akapanda mimbarini polepole, akainua macho, akakuta milango. Hakuna uso hata mmoja, ila wa Bibi Randa pembeni, juu ya sanduku.

"Bwana asifiwe," alisema kwa sauti ndogo.

"Amina!" ziliitika mbao.

"Bibi, watu wako wapi?"

"Wametengwa, Mchungaji. Leta baraka, mtoto ameshaanza safari."

Na kweli, kule nyuma mkwewe alishamkabidhi mtoto chumba cha sitini na tatu. Kukawa na kazi! Mtu anatoka chumbani na mtoto, anabisha kwa jirani.

"Nani?"

"Mtoto."

"Mtoto wa nani?"

"Wa kanisa! Fungua, ananilowesha!"

Mlango unafunguka, unafungwa, pa! Bibi Randa alihesabu mapigo ya milango kwa vidole. Mstari wa saba, wa sita, wa tano. Mstari wa pili ukaisha. Mama mmoja akampeleka mtoto namba moja, kwa kuwa Katibu alitaka mstari wa mbele uanzie kwake; Katibu akampokea kwa heshima zote, akaufunga mlango kwa nguvu.

Kisha mapigo ya milango yakakoma.

"Namba mbili, umempata?" Bibi Randa aliuliza.

"Bado."

"Namba tatu?"

"Atanifikiaje mimi kabla ya mbili, Bibi?"

Mkwewe alikuja mbio kutoka nyuma. "Mwanangu yuko wapi?"

Hapo wakasikia, kutoka namba moja, sauti nzito ikiimba taratibu wimbo wa kubembeleza.

"Katibu," Bibi Randa akabisha, "mtoto anasubiriwa."

"Tunaomba kwanza, mimi na yeye."

"Unaomba au umekwama?"

Wimbo ukakatika. "Mlango umevimba kidogo."

Namba mbili akajaribu wake. Haukufunguka. Namba tatu hali kadhalika. Mstari mzima wa mbele, wateule wa kamati, ulikuwa umenasa kama vizibo. Bibi Randa akashika bisibisi, akakumbuka: bawaba alikuwa ameziweka kwa ndani. Katibu ndiye aliyetaka hivyo, mtu asije akamfungulia. Na ndani hakukuwa na bisibisi. Watu wanane walikuwa hawajamshika mjukuu wake. Wanane tu!

Akapiga magoti, magoti yakalia, akaingiza vidole chini ya ubao. Akacheka peke yake.

"Nisikilizeni! Mstari huu ni kitu kimoja, na hauna sakafu. Mmoja akiinua peke yake hauendi popote. Inueni wote. Katibu, wewe shika mtoto tu. Moja, mbili, tatu!"

Mstari ukapanda. Chini yake ikatokea miguu kumi na minane, mingine na soksi zisizofanana, ikitetemeka kama jongoo aliyeamshwa. Bibi Randa akasukuma sanduku lake la vifaa chini yake upande mmoja, mwanawe akaleta benchi lililolowa kutoka nje, akalisukuma upande wa pili, mstari ukategemea hapo.

"Sasa mpitisheni hapo chini!"

Na mtoto akapita. Mkono wa Katibu ukamtoa, mkono wa namba mbili ukampokea, kisha wa tatu, na wa nne wenye saa, wote wamelala kifudifudi kwenye maji, hakuna anayemwona mwenzake ila vidole. Mtoto alikuwa macho, anayashangaa yote. Mwisho wa mstari Mchungaji alikuwa ameshalala chali sakafuni, kwa kuwa mgongo wake ulikataa kuinama, mikono juu, anasubiri.

"Mchungaji," Katibu aliita, kichwa kimetoka nje, tumbo limegoma, "si ulisema tumetengwa?"

"Kundi, Katibu. Mungu alitenga kundi zima. Hakutenga mbuzi mmoja mmoja."

"Mbuzi? Si kondoo?"

"Leo ni mbuzi."

Akanyoosha mikono ampokee mtoto, kisha akairudisha.

"Bado mmoja. Ambaye hana namba."

Bibi Randa alijifuta mikono kwenye sketi, mara mbili, halafu akamchukua. Sitini na nne. Mjukuu akamwangalia, akainua kimkono, akaing'oa ile penseli sikioni na kuitia mdomoni.

"Mwacheni," alisema Bibi Randa. "Kesho ana kazi ya kunisaidia. Tunarudisha mabenchi."

"Na mimi nitoke vipi?" aliuliza Katibu.

"Subiri baraka iishe, mwanangu. Wewe nitakukata na msumeno."