Siku Chama Kiliponituma Angani

Mwanangu, ipo Jumapili moja ambayo hata ukiniamsha usingizini nitaisimulia bila kukosea. Ni siku niliyopanda ndege kabla ya mtu yeyote wa ukoo wetu, wanaume wakiwemo. Nalisema kwa kujivuna, Mungu anisamehe, lakini jambo la haki halifichwi.

Nilikuwa binti wa Kitangari niliyehamia Newala mjini, nikishona kwa cherehani barazani kwa shangazi yangu. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka ya watu binafsi yalikuwa yanafunguliwa, mitumba imejaa sokoni, na wanunuzi wa korosho wanakuja kila mmoja kivyake. Watu walijifunza haraka kusema "changu", hata wale ambao jana walikuwa wakisema "chetu".

Sisi tulikuwa na chama chetu cha wapenda ndege. Ndege yenyewe hatukuwa nayo. Watu wa sokoni walitucheka, wakasema tufungue na chama cha wavuvi wa Newala, mahali ambapo hata maji ya kunywa hufuatwa bondeni. Hatukujali. Kila Jumapili alasiri tulikutana kwenye kibanda cha mabati kando ya uwanja wa ndege, tukala mihogo ya kuchemsha na chai, kisha mmoja wetu akatoa mada. Mwalimu Yosefu, mtu wa Bukoba aliyeletwa na kazi, ndiye aliyetuonyesha kwa kupuliza kipande cha karatasi jinsi bawa linavyonyanyuka. Wengine walikuja kwa basi tangu Masasi. Mimi niliingia chamani kwa sababu niliombwa kushona mfuko wa kuonyesha upepo. Nilikwenda kuutundika, nikaketi kidogo nisikilize, basi, sikuondoka tena.

Chama kilikuwa na desturi moja tuliyoiita kurudisha. Mwanachama akisafiri Mtwara au Dar es Salaam, akaona ndege au lolote la maana, alipaswa kusimama mbele yetu na kuturudishia alichokiona. Asiyerudisha hakumiminiwa chai. Tulitaniana sana kwa hilo, lakini chai kweli hakupewa.

Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Nandonde. Ujanani alikuwa miongoni mwa waliofungua uwanja ule kwa jembe la mkono, na macho yake sasa yalikuwa yameanza kufifia. Hakuna mgeni aliyefika asimweleze, "Uwanja huu umenyooka kama uzi. Nimeulima mimi." Nasi tukaitikia, maana tuliamini.

Basi Jumapili hiyo alitutembelea rubani kijana aliyewaleta wanunuzi wa korosho kwa ndege ndogo. Tulimwomba atoe mada, akazungumza vizuri, akajibu maswali yetu yote. Alipomaliza akasema, "Wazee wangu, nina kiti kimoja. Mchagueni mtu mmoja, nimzungushe juu ya wilaya yenu, kisha nimrudishe hapa."

Mwanangu, nilikitaka kiti kile mpaka nikahisi njaa tumboni, na nilikuwa nimetoka kula mihogo.

Wa kwanza kusimama alikuwa Baba Rehema, mfanyabiashara aliyefungua duka miaka ile ile. Alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na haraka ya maisha.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba."

"Haya mabati yaliyo juu ya vichwa vyetu nimeyatoa mimi. Sidhani kama kuna haja ya mjadala."

Mzee Nandonde akatabasamu. "Mabati tunayashukuru, Baba Rehema. Mvua haitupati. Lakini kiti hicho si cha kwenda kukaa, ni cha kwenda kutazama. Anayekitaka atuambie ameona nini njiani leo alipokuwa anakuja hapa."

Baba Rehema akafikiri, akasema ameona lori lake limepaki vibaya. Watu wakacheka, naye akacheka, akaketi. Mwalimu Yosefu akakiri kwamba hakuona kitu, alikuwa anawaza mada ya wiki ijayo. Mimi nikasimama. Nikasema nimeona moshi wa mtu anayechoma majani shambani. Chini ulikuwa unaegemea upande wa sokoni, lakini ulipopita vichwa vya mikorosho ukageuka, ukaelekea Msumbiji. Nikasema pia nimekutana na akina mama wawili wanatoka kuteka maji, mmoja amebeba ndoo mbili, yake na ya mwenzake mjamzito.

Rubani akasema, "Upepo ndivyo ulivyonifanyia nilipokuwa natua." Mzee akauliza kama kuna mwenye neno. Hakuna aliyepinga, nikapewa kiti.

Kabla sijapanda, kila mmoja alinipa macho yake. Mwalimu alitaka kujua milima ya mawe ya Masasi ikoje kwa mbali. Mama Fikiri, mpishi wetu wa chai, akasema, "Mwanangu Somoe, nitazamie njia yetu ya maji. Nimeikanyaga maisha yangu yote, sijawahi kuiona." Mzee Nandonde akanivuta pembeni. "Mimi nitazamie uwanja," akasema. "Uniambie umenyookaje."

Nikapaa. Nisingependa kukudanganya, nilifumba macho mpaka nikakumbuka kwamba hayakuwa yangu peke yangu, ndipo nikayafumbua. Niliona mikorosho imetanda kote, ukingo wa uwanda unavyokatika ghafla, na Ruvuma inang'aa kule chini. Milima ya Masasi ilisimama mmoja mmoja kama watu wasioelewana. Njia ya Mama Fikiri niliiona, nyeupe, imejikunja mara nyingi kiasi kwamba mtu anayeteremka hutembea mwendo mrefu na bado yuko pale pale. Kisha tukageuka kutua, nikauona uwanja. Ule upande wa mashariki ulikuwa umepinda.

Nilipofika kibandani watu wameshaongezeka, hata wale wacheshi wa sokoni walikuwepo. Nikaanza kwa furaha, "Mimi nilipopaa, mimi niliogopa, moyo wangu mimi..."

"Somoe," Mzee akanikatiza kwa upole. "Hatukukutuma ukajitazame. Tuambie tulichokutuma."

Neno lile lilinichoma, likanikaa mpaka leo. Nikaanza upya. Nikamrudishia Mwalimu milima yake. Nikamrudishia Mama Fikiri njia yake, naye akaketi chini akasema, "Kumbe ndiyo maana nimechoka." Watu walicheka, lakini wanaume kadhaa walitazama chini. Kisha nikafanya kama nimemaliza.

"Na uwanja?" akauliza Mzee.

Wageni wote walikuwa wanatazama. Ningeweza kusema umenyooka, na hakuna ambaye angenisuta ila rubani, naye alikuwa mtu wa kuondoka. Lakini mzee yule alikuwa amenipa kiti ambacho angeweza kukichukua mwenyewe, akanikabidhi na macho yake. Nikasema, "Babu, nisamehe. Umenyooka, ila upande wa mashariki ukingo umepinda kuingia ndani."

Mzee akainamisha kichwa, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta machozi. "Ule upande kamba ya kunyooshea mstari niliishika mimi," akasema. "Nilishuku tangu siku ile. Miaka yote nasema umenyooka nisikie atakayebisha, nao wananiitikia kama uzi, kama uzi. Msema kweli mpenzi wa Mungu. Mama Fikiri, mmiminie huyu chai ya kwanza. Amerudisha." Akaniambia niketi kando yake, mahali pa makamu wake. Mwanangu, nimepewa vitu vingi maishani, sijapewa kikubwa kuliko kile kikombe.

Sasa nawe unakwenda chuoni. Ukoo umekuchangia, kila mmoja kwa alichonacho, na kiti ni kimoja. Wenzako wa umri huu wataambiwa kwamba aliyefika juu amefika kwa nguvu zake. Usilikubali hilo. Ukipandishwa na watu, tazama kwa niaba yao. Ukirudi, usituhesabie jinsi ulivyoogopa na jinsi ulivyosifiwa. Tuambie njia yetu inapinda wapi. Na kama ni mimi niliyeshika kamba vibaya, niambie mimi kwanza, kwa heshima, hata ikiwa mbele ya watu. Mzee anayekupenda atacheka. Asiyecheka, mvumilie, lakini usimdanganye.

Haya, inama nikuwekee mkono kichwani. Mwenyezi Mungu akupandishe, mwanangu, akupe macho yasiyojitazama, na akuwekee daima watu wa kuwarudia.