Kichwa cha Treni cha Bi Ummy

Sumbawanga haina reli. Ukitaka kuona treni, panda kaskazini hadi Mpanda au shuka kusini hadi Tunduma. Sisi tulio katikati tunapata habari tu. Ndiyo maana Mathias wa kijiji cha Pito aliweza kuwa dereva wa treni miaka yote ile bila mtu kumbishia.

Alistaafu reli ya Tazara akarudi nyumbani na begi la bluu na kofia ngumu yenye ukingo mweusi. Kofia hiyo aliivaa kanisani, msibani, hata shambani akipalilia maharage. Na popote alipokaa, treni nayo ilifika. Alisimulia kona za Mlimba, mahandaki yanayomeza mwanga, na namna ya kusimamisha mabehewa yaliyojaa watu kwenye mteremko.

"Breki ya treni huikanyagi kama ya Fuso," alikuwa akisema. "Breki ya treni unaibembeleza."

Watu wakamwita Dereva.

Ukweli ni kwamba Mathias alikuwa mpishi wa behewa la chakula. Kona za Mlimba alizijua kweli, lakini alizijua akiwa amekumbatia sufuria ya mchuzi isimwagike. Kule mbele kwa dereva aliingia mara moja tu, kupeleka chai, na akaambiwa aweke birika chini asiguse kitu. Mkewe Valeria, fundi cherehani, alilijua jambo hilo na akalinyamazia. Binti yao Jenifer alipomuuliza kwa nini hamuumbui baba, alijibu bila kuinua macho kwenye pindo: "Mwanaume akiwa na uongo mmoja anaoupenda, hana nafasi ya mwingine. Mwache."

Basi mwezi wa sita, baridi ya Ufipa ikiwa imekolea na watu wamevaa makoti mchana kweupe, Faruk alifika Pito na gari lake. Faruk ana duka la vifaa vya ujenzi mjini, mtu mpole anayesalimia hadi mbwa. Alishuka amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye kanga, kama anabeba mtoto mgonjwa.

"Shikamoo mzee Mathias."

"Marahaba, Faruk. Habari za mjini?"

"Njema. Nimekuletea kazi yako."

Akafungua kanga. Ndani kulikuwa na kichwa cha treni, kidogo, urefu kama wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Cha chuma, rangi ya kijani iliyobabuka, bomba la moshi limepinda, gurudumu moja la mbele halipo. Faruk akaeleza. Marehemu baba yake, mzee Abdala, alipomchumbia Bi Ummy alimwahidi kwamba wakioana atampandisha treni. Wakaoana. Duka likawa duka, watoto wakawa watoto, safari haikuwa. Siku moja mhandisi wa Kizungu aliyekuwa akihama akamwachia mzee Abdala kitu hiki cha kuchezea, cha kujaza kwa ufunguo. Abdala akakipeleka nyumbani, akakiweka sakafuni mbele ya mkewe, akasema: "Mama, ahadi ni deni. Treni hii hapa."

"Mama hakumsemesha wiki nzima," Faruk alisema huku akicheka. "Lakini ndicho kitu alichokifungia kabatini mpaka leo. Sasa mwisho wa mwezi ukoo mzima unakuja kwa dua ya kumrehemu baba, na baada ya chakula nataka mama akione kikitembea. Fundi redio kanambia si redio. Fundi pikipiki kanambia si pikipiki. Nikajiambia, mbona nahangaika? Mkoa mzima una mtu mmoja wa treni."

Mathias alivua kofia, akaivaa tena.

"Hii ni... ya aina ya zamani," alisema.

"Kama mwenyewe," Valeria akasema kutoka kwenye cherehani.

Faruk alishukuru sana, akaondoka. Mathias akabaki anakitazama kichwa cha treni, nacho kama kinamtazama.

Siku zilizofuata alikizunguka tu. Alikihamisha kutoka mezani hadi dirishani, akakifuta vumbi, akakirudisha mezani. Valeria alipochoka kumwangalia, alimpa bisibisi ndogo ya cherehani. "Baba Jenifer, hajawahi kupona mgonjwa kwa kuhamishwa kitanda. Fungua."

Alifungua. Ganda la juu likatoka, mtambo wa ndani ukaonekana: meno madogo ya shaba, vyuma, na kila kitu kimeshikana kwa grisi iliyokauka ikawa nyeusi na ngumu. Mathias akaikwangua kwa ukucha. Akainusa. Uso ukamchangamka.

"Mama Jenifer," alisema polepole, "huu ni ukoko."

"Nini?"

"Ukoko! Kama wa sufuria iliyounguza. Na ukoko hauukwangui. Unauloweka, unauchemsha na magadi, unaachia wenyewe."

Kwa mara ya kwanza tangu akabidhiwe kazi ile, mzee alikuwa ameona kitu anachokijua. Angekitumbukiza chote kwenye sufuria, na ganda lake, kama Valeria asingelinyakua. "Utachemsha na rangi? Umrudishie Bi Ummy treni uchi?"

Mafiga yakawashwa uani. Maji yalipoanza kuvuma, jirani yao Wilibrodi, mtu ambaye pua yake hujua chakula kabla mpishi hajaamua, akapita uani kama kwa bahati.

"Dereva, mnapika nini leo?"

"Treni."

Wilibrodi akachungulia. Mchuzi ulikuwa mweusi, na magurudumu yalikuwa yakipanda na kushuka kwenye povu kama viazi. Akatafakari.

"Itaiva?"

"Inaelekea," Mathias alisema, akaigeuza kwa mwiko.

Grisi iliachia kweli. Tatizo ni kwamba pamoja na grisi, springi nayo iliachia. Mathias alikuwa ameutoa mtambo, anaufuta kwa kitambaa, anajisifu kwa Wilibrodi kwamba vyuma vina siri zake, pale springi yote ilipojikunjua kwa mara moja. Utepe mrefu wa chuma ukaruka hewani, ukapita kando ya sikio la Wilibrodi, ukatua katikati ya kuku. Kuku wakatawanyika hadi shamba la jirani. Wilibrodi alikuwa chini, amelala kifudifudi, mikono kichwani.

"Kwani treni hufanya hivyo?" aliuliza bila kuinuka.

"Zikichokozwa," Mathias alisema. Yeye mwenyewe alikuwa nyuma ya mlango.

Springi ilikuwa imevunjika ncha, ile inayoshika mhimili wa katikati. Akaipeleka sokoni kwa Ignasi, fundi saa. Ignasi aliipasha ncha moto, akaitoboa tundu jipya, akaikunja ikakaa. Halafu, kwa kuwa ufunguo wa treni ulishapotea, akapekua kopo la funguo za saa za ukutani za zamani, akapata moja iliyoingia sawasawa. Alipokuwa anamkabidhi, akamwangalia juu ya miwani.

"Mzee, wewe umeendesha hivi vitu miaka na miaka. Hukuwahi kuona ndani?"

"Dereva anatazama mbele," Mathias alijibu, akaaga haraka.

Gurudumu alilipata Valeria. Alikuwa akibadilisha uzi, akaitazama bobini ya chuma mkononi mwake, kisha akaitazama treni. Bobini ina kingo mbili kama gurudumu la reli. Wakaivisha kwenye ekseli, ikakaa kama imezaliwa hapo. Wakaupaka mtambo mafuta ya cherehani, wakarudisha vyuma kimoja kimoja, wanabishana, wanatoa, wanarudisha. Mwishowe ganda likafungwa, na mezani kikabaki kidude kimoja cha shaba chenye mabawa mawili madogo.

"Na hiki?" Valeria aliuliza.

Mathias alikigeuzageuza. "Hicho ni cha akiba," alisema, akakitia mfuko wa shati.

Uani kwao ni udongo mtupu, hakuna pa kuijaribia. Kwa hiyo aliijaza ufunguo akaishika juu juu, akaachia. Magurudumu yakazunguka kwa mvumo mkali, bobini nayo imo, kasi ya kutisha. Mathias akaona hiyo ni afya. Machozi yalimlengalenga, akajifanya ni moshi.

Siku ya dua nyumba ya Faruk ilijaa. Baada ya dua, sinia za pilau zilitandazwa, watu wakala, na wazee wakabaki sebuleni wakipumua kwa shida. Bi Ummy alikaa kwenye kiti chake kando ya ukuta, mwembamba, amejifunika mtandio mweupe, macho maangavu. Binti yake Kauthar alikuwa uani na beseni kubwa la vyombo. Shemeji yao Abdulnasir, mwenye magari yanayoshuka bondeni Mtowisa, alikuwa ameketi kwenye busati na sahani yake ya mwisho, akieleza kwamba treni ni usafiri wa watu wasio na haraka.

Faruk akasimama. "Mama, tuna zawadi. Na aliyeitengeneza si fundi wa kubahatisha. Ni dereva wa treni."

Mathias aliingia na kofia yake. Bi Ummy alimtazama kwa muda mrefu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," alisema, na akaendelea kumtazama.

Mathias akapiga magoti kwenye vigae. Akajaza ufunguo, akajaza, akajaza mpaka ukagoma. Akaiweka chini kwa heshima, uso ukielekea kwa Bi Ummy. Akaachia.

Hakuna aliyeiona ikiondoka. Waliiona ilipokuwa tayari iko kwingine. Ilipiga mguu wa meza, ikageuka, ikapita chini ya kochi ikatokea upande wa pili imevaa utando wa buibui, ikamwelekea Abdulnasir. Abdulnasir ni mtu mzito. Siku ile aliruka juu ya kochi na sahani mkononi bila kumwaga punje, jambo ambalo watu wanalizungumzia zaidi ya treni yenyewe. Treni ikalipiga jagi la juisi, ikapata njia ya mlangoni, ikavuka kibaraza, ikaruka ngazi, ikatumbukia ndani ya beseni la vyombo. Humo haikusimama. Magurudumu yaliendelea kukata maji, povu likimrukia Kauthar usoni.

"Sasa imekuwa meli!" Kauthar alipiga kelele.

Kisha ikanyamaza. Abdulnasir, bado yuko juu ya kochi, aliuliza kwa upole: "Dereva, hii haina breki?"

Mathias alitia mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa kile kidude chenye mabawa mawili.

"Nadhani ni hii," alisema.

Kicheko cha kwanza kilitoka kwa Bi Ummy. Alicheka mpaka akashika ukuta, mpaka mtandio ukaanguka mabegani, na watoto wake, ambao hawakuwa wamemsikia akicheka hivyo tangu baba yao azikwe, wakawa wanacheka huku wanamwangalia. Mathias peke yake hakucheka. Alivua kofia.

"Niwaambie tu," alisema. "Mimi sikuwa dereva. Nilikuwa mpishi, kwenye behewa la chakula. Treni hii nimeitengeneza kwa kuichemsha."

Bi Ummy alipangusa machozi kwa ncha ya mtandio.

"Kwani mimi sijui?" alisema. "Nilipotoka eda nilikwenda Dar kwa dada yangu. Nikasema, Abdala hakunipandisha, nitajipandisha. Usiku ule nilishindwa kulala, nalia tu behewani. Akaja kijana mwenye kofia hiyohiyo akaniletea kuku wa kukaanga na wali, akaniambia, 'Mama, kula kwanza, utalia baadaye, safari bado ni ndefu.' Nimekutambua ulipoingia mlangoni."

"Mama, mbona hukusema?" Faruk aliuliza.

"Umesema umeleta dereva. Nikangoja nimwone akiendesha."

Wiki iliyofuata Mathias alikwenda kwa Ignasi na kidude chake. Ignasi akaona mara moja mahali pake: mabawa yale hukata hewa na kuzuia springi isijimwage kwa pamoja. Alikirudisha, na safari hii Mathias na Faruk waliijaribia kwanza dukani, kwenye sakafu ya saruji, katikati ya mapipa ya rangi, mlango umefungwa.

Mbele ya Bi Ummy ilikwenda taratibu, ikilia tak-tak-tak, ikiyumba kidogo upande wa bobini, kutoka kwenye kiti chake hadi ukutani. Hakukuwa na wageni. Aliitazama mkono ukiwa mdomoni. Ilipogusa ukuta na kusimama, alisema tu kwamba Abdala alikuwa akiipigia honi kwa mdomo, na kwamba honi yake ilifanana zaidi na ya basi. Halafu akaomba ijazwe tena.

Habari zilipofika Pito, Wilibrodi alikasirika. Alikuja kumshtaki Mathias mbele ya mkewe. "Miaka yote umenidanganya! Zile kona!"

"Kona zilikuwepo," Mathias alisema. "Kaa nikwambie zilivyokuwa jikoni, mafuta yakichemka na treni imelala upande."

Wilibrodi alikaa. Hadithi ile ilikuwa nzuri kuliko zote za zamani, maana ilikuwa na majeruhi, na jogoo mzima aliyeruka dirishani hali ameshatiwa viungo.

Aliyefaidika zaidi ni Valeria. Miaka yote ile Mathias hakuwahi kupika nyumbani hata chai, kwa hofu kwamba mtu angepita akamwona jinsi anavyokata kitunguu na akajua. Siku ile jioni aliingia jikoni, akafunga kanga ya mkewe kiunoni, akachinja kuku mmoja kati ya wale waliorudi. Valeria alifunika cherehani kwa kitambaa, akavuta kigoda mlangoni, akakunja mikono. Alipoletewa sahani alionja, akatafuna kwa utulivu, akameza.

"Baba Jenifer," alisema, "na mimi nimekaa naungua macho kwa moshi miaka yote hii, na wewe unajua hivi?"

Mathias akainamia sufuria, akamwongezea mchuzi.