Kisima cha Nyumba ya Wageni wa Serikali

Jumwa Kalama alifua shuka za marais nusu ya umri wake, na nyumbani kwake Likoni akaoga kwa kikombe.

Mahali alipofanya kazi ni nyumba kubwa nyeupe juu ya jabali, inayotazama mlango wa bandari. Serikali huiita Nyumba ya Wageni wa Taifa. Sisi majirani twaiita Gesti. Ilijengwa zama za ukoloni na mzungu mmoja mwenye meli. Maji hayakumtosha, akawaajiri vijana wa pale wamchimbie kisima. Babake Jumwa, Mzee Kalama, alikuwa mmoja wao, na mdogo wake Ngala alikuwa mwingine. Walipokaribia maji, ukuta wa kisima uliporomoka ukamfunika Ngala. Walipomtoa alikuwa ameshakata roho. Mzungu alikuja mazishini, akavua kofia, akasema mbele za watu kwamba maji hayo ni yao, wao na watoto wao. Mzee Kalama aliisimulia ahadi hiyo hadi alipoingia kaburini.

Uhuru ukaja, mzungu akaenda zake, serikali ikaichukua nyumba ili ilaze wageni wake: marais, wafalme, mawaziri wa nchi za mbali. Mwanzoni ahadi iliheshimiwa. Upande wa jikoni palikuwa na mlango mdogo wa mbao, na wanawake waliingia asubuhi na ndoo zao, wakateka, wakatoka wakicheka. Jumwa alijifunzia hapo kujitwika ndoo. Kisha mwaka mmoja akaja mgeni mwenye walinzi wengi kuliko watu wa mtaa. Wakauona ule mlango, wakauliza ni wa nini. Kesho yake ukazibwa kwa matofali. Mgeni akalala, akala, akapanda ndege akaenda kwao. Matofali yakabaki. Juu ya matofali wakaongeza ukuta, na juu ya ukuta nyaya za umeme.

Jumwa alipopata kazi ya udobi mle ndani, watu walimwonea wivu. Hawakujua. Kila siku aliloweka shuka katika maji yaliyomuua amiye, na akishasuuza akayamwaga mtaroni ilhali nje ya ukuta majirani zake wanakinga mvua kwa masufuria. Jioni askari wa geti walimpekua. Siku moja walikuta chupa ya maji kikapuni. Askari akaifungua, akaimwaga mchangani mbele yake, polepole, huku akimtazama usoni.

"Mali ya serikali, mama."

Jumwa alichukua kikapu chake akaenda zake. Alikuwa mjane mwenye watoto wa kusomesha. Lakini alipofika nyumbani aliipiga sufuria teke hadi ikabonyea, na mwanawe Clifford akatoka nje.

Basi mwaka juzi mabomba ya Likoni yalikauka. Watu wakanunua maji ya mikokoteni yasiyojulikana yametekwa wapi, na kipindupindu kikaingia. Lavender, mkewe Clifford, alilazwa akatundikiwa dripu, akapona kwa shida. Jirani yao Mwanatatu hakupata bahati hiyo. Mtoto wake wa mwisho, Nadira, aliyezoea kuja kwa Jumwa kusukwa nywele, alipelekwa hospitali akiwa anaita mama na hakurudi. Jumwa ni Mkristo, lakini alikaa na akina mama wa matanga mkekani mpaka miguu ikafa ganzi.

Asubuhi baada ya maziko alikwenda kazini. Kulikuwa na mgeni mkubwa aliyetarajiwa. Mbele ya baraza wafanyakazi walikuwa wakijaza lile birika la mapambo, lenye samaki wa saruji anayetema maji juu. Nyasi zilikuwa zimeshanyweshwa, zang'aa. Meneja, Dishon, mtu wa bara mwenye sauti ya upole, alikuwa akisimamia.

"Mama Jumwa, umeamkaje?"

"Tumezika mtoto jana."

"Ala! Pole sana, mama." Akatazama saa yake. "Zile shuka za chumba kikubwa zipigwe pasi vizuri, tafadhali."

"Bwana Dishon, wafungulie wanawake wateke maji. Asubuhi hii tu. Watoto wanakufa."

"Hilo si langu, mama. Ni mambo ya usalama. Yanatoka Nairobi."

"Na huyu samaki naye akinyimwa maji, Nairobi watakufa?"

"Usinitafutie makosa. Nami nina wakubwa wangu."

Jumwa alikwenda nyuma, chumba cha kufulia. Akatoa simu, akapiga.

"Mwanatatu, waambie wenzio waje na mitungi, geti la nyuma. Lori la mazulia laja sasa hivi."

Lori lilipoingia, kabla askari hajalivuta geti, Jumwa alilikokota karai lake kubwa lililojaa shuka mbichi, akalibwaga juu ya reli ya geti. Geti likagonga karai, likakwama. Yeye akasimama juu ya zile shuka kwa miguu yake yenye mchanga.

"Toka hapo, mama!" askari akafoka.

"Sitoki! Nipige! Nipige tupate kujua kama nanyi mna mama!"

Askari aliinua rungu. Ndipo Mwanatatu akatokea na wanawake wenzake. Bado alikuwa amejitanda leso za msiba. Alimpita askari kama anayepita mti, akaenda kwenye bomba la bustani, akaweka mtungi. Wengine wakafuata. Askari, kijana wa huko huko Likoni, rungu likamshuka lenyewe. Waliteka kwa foleni, hawakuvunja hata ua moja. Dishon alisimama barazani, simu sikioni, akisema ndiyo bwana, ndiyo bwana.

Polisi walipofika, wanawake walikuwa wameshatoka. Walimkuta Jumwa peke yake, bado juu ya shuka. Wakamtia pingu, mwanamke wa umri wa mama zao, wakamrusha garini kama gunia.

Kazi ikaisha siku hiyo. Alishtakiwa kwa uchochezi, akapanda kizimbani mara nyingi, kila mara kesi ikisogezwa. Lakini mtu alikuwa amempiga picha pale getini, na picha ikazunguka kwenye simu za watu hadi ikamfikia mgeni mwenyewe, akauliza. Wakubwa waliona haya, si kwa Nadira, bali kwa mgeni. Kesi ikafutwa. Nje ya ukuta likawekwa bomba, na juu yake kibao cha marumaru: ZAWADI YA SERIKALI KWA WANANCHI.

Siku ya kulifungua, afisa mmoja alimwita Jumwa mbele ashukuru.

"Nishukuru nini?" akasema. "Zawadi hutoka kwa mwenye mali."

Akateka ndoo yake akaenda zake, na afisa akaachwa mkono umenyooka.

Bomba lafanya kazi asubuhi, na siku nyingine halifanyi. Jumwa sasa afua nguo za majirani na sare za watoto wa shule. Miezi michache iliyopita Dishon alimjia nyumbani. Madobi wapya wachoma shuka, akasema. Wakubwa wako tayari kusahau yaliyopita.

"Wao wako tayari?" Jumwa akamuuliza. Alikuwa akikamua shati la mtoto, na alilikamua hadi mishipa ya mikono ikamsimama. "Mimi siko. Waambie hivyo. Na upite upande ule, usinikanyagie nguo."