Ishirini kwa Kila Mtu

Mwezi wa saba mwaka jana nilimchukua mama yangu kutoka Kongwa, anakohoa na chakula hakipiti, nikampeleka zahanati iliyo jirani na kwangu. Mimi ni muuguzi mstaafu. Niliingia pale na dharau yangu kamili, na haikuchukua muda kupata kazi.

Muuguzi wa zamu alikuwa binti mwenye kucha ndefu kuliko subira yake. Alimfunga mama mashine ya presha juu ya masweta mawili, kwa kuwa kuyavua kungemchelewesha. Namba ikatoka, akaiandika kwa mwandiko mzuri. Kipimajoto hakikuonyesha homa. Kisha akauliza, "Bibi, unaendeleaje?" Mama, ambaye hata ukimkuta katumbukia kisimani atajibu salamu kwanza, akasema, "Nzuri tu, mjukuu wangu." Na hilo nalo likahesabiwa kuwa kipimo.

Nikachungulia daftari. Mjamzito: anapumua mara ishirini kwa dakika. Fundi aliyejikata kidole: ishirini. Mzee wa pumu ambaye kifua chake kilisikika hadi mlangoni: ishirini. Safu nzima ishirini, mama yangu akiwa wa mwisho. Hakuna kifua hata kimoja alichokitazama. Kuhesabu pumzi hakuhitaji betri wala vipuri. Kunahitaji macho, saa na dakika moja ya kunyamaza, na hayo ndiyo yaliyomshinda.

"Ni uzee na hili vumbi la Dodoma," alisema. "Nampa dawa ya kikohozi, mrudi nyumbani."

Nilimshika mama mkono kana kwamba nahesabu mapigo ya moyo, maana mtu akijua unahesabu pumzi zake huzibadilisha. Nikatazama saa. Thelathini na nne. Katikati ya mbavu nyama ilikuwa ikibonyea kila anapovuta hewa. Wazee wengine huugua nimonia bila homa yoyote, pumzi ndiyo hutangulia kusema. Nikamwambia yule binti, benchi zima likisikia, kwamba hata mchunga mbuzi huwatazama mbuzi wake wanavyohema. Nikamuuliza ni mpumbavu gani aliyemfundisha kazi.

Hakukasirika. Alisimama kwa adabu.

"Shikamoo, mwalimu," alisema. "Naona hunikumbuki. Nilifanya mafunzo ya vitendo wodini kwako. Ulitukuta tunahesabu, ukatuambia tuandike ishirini tuendelee na kazi, hakuna daktari anayeisoma ile safu."

Nilisema hivyo. Nilikuwa nasema hivyo kila mwaka, kwa kila kundi.

Kwenye bajaji kwenda hospitali nilihesabu pumzi za mama njia nzima, sikuruka hata moja. Alilazwa siku tisa, akapona. Waliofia wodini kwangu sijui ni wangapi wangepona. Majalada yao hayawezi kuniambia, wote walipumua mara ishirini.