Simu Ikinyamaza, Hakuna Ndovu

Skrini nyeusi haina adabu. Hilo ndilo jambo la kwanza nililojifunza, na nililijifunza kwenye kaunta ya duka la kuchapisha na kutoa kopi hapa Voi, ninakofanya kazi mpaka leo. Wateja walisubiri kopi za vitambulisho huku mimi nikibishana na seva, kompyuta ya kukodi iliyo Ulaya. Unaandika amri, unabonyeza, na kama umekosea inakufokea kwa Kiingereza. Kama umepatia, haisemi kitu. Hakuna asante, hakuna pole. Inakaa tu na kale kamstari kanakopepesa, ikingoja amri nyingine.

Siku ya kwanza iliniambia sina ruhusa. Sina ruhusa! Kwenye seva niliyoifungua mwenyewe, kwa jina langu, na pasiwadi niliyoitunga kwa kichwa changu! Nilipiga kaunta kofi mpaka mteja mmoja akauliza kama mashine ya kopi imeharibika. Mimi hasira zangu ziko karibu. Mama yangu husema nilizaliwa nikigomba.

Na nilikuwa najitesa hivyo kwa ajili yake. Mama alikuwa akiishi peke yake Marungu, kwenye shamba alilolima na baba mpaka baba akafa kwa ugonjwa na kuzikwa hapo hapo, nyuma ya nyumba. Misimu miwili mfululizo ndovu waliingia, wakala mahindi na pojo, na kile ambacho hawakukila wakakikanyaga. Kaka yangu, ambaye yuko Mombasa na kwetu huja kwa mazishi tu, akatoa uamuzi kwa simu: msimu huu ukiliwa pia, mama ahamie kwangu mjini na shamba likodishwe kwa wenye ng'ombe. Mama hakubishana naye. Aliniambia mimi peke yangu, "Mkinitoa hapa, afadhali mnizike kabisa." Nikamwambia hatoki, ng'o. Nilisema kwa sauti kubwa, nimekasirika, wala sikujua nitafanya nini.

Watu wa kule walikuwa na njia yao. Ukiona ndovu unapiga debe na kupiga kelele, jirani anasikia, naye anapiga lake, mpaka kila boma linalia mabati. Ndovu hugeuka. Si kila mara, lakini hugeuka. Shida ni kwamba nyumba ziko mbalimbali, na upepo ukivuma vibaya debe la mwenzako halikufikii. Nikafikiri: si kila mtu ana simu, hata kama ni ile ndogo ya tochi, mulika mwizi? Anayeona ndovu atume ujumbe kwa nambari moja, na nambari hiyo iwatumie wote papo hapo. Video za mtandaoni zilinionyesha kwamba kazi hiyo hufanywa na programu ndogo tu inayokaa kwenye seva ya kukodi, mahali wanapopaita klaudi.

"Klaudi ni wingu," nilimweleza mama nilipokwenda kumwandikisha.

"Wingu gani? La mvua?"

"La kompyuta, Mama. Liko Ulaya."

Akanitazama. "Kwa hivyo ndovu akikanyaga hapa, anashtakiwa kwanza Ulaya, halafu Ulaya ndio waniambie mimi niliye hapa?"

"Ndiyo hivyo."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akanitajia nambari yake polepole, tarakimu moja moja, kana kwamba siijui.

Sikusomea kompyuta. Nilisomea ukarani, na kompyuta ninayoijua ni ya kuandika barua za watu na kupanga picha za pasipoti. Nilinakili amri kutoka kwenye video nikiwa sielewi nusu yake. Nilifuta vitu ambavyo sikupaswa kufuta, nikaanza upya, nikajifungia nje ya seva yangu mwenyewe, nikaanza upya tena. Mwenye duka alisema nimerogwa. Lakini mchana mmoja nilituma neno "ndovu" kutoka kwenye simu yangu, na simu ya mama kule Marungu ikalia. Akanipigia akipiga kelele, "Wako wapi? Wako wapi?" Woi, nililia pale pale kwenye kaunta, wateja wakinitazama.

Jumapili moja kule Marungu, baada ya ibada, niliombwa nisimame niwaeleze majirani. Nilisema kwa ufupi, maana nikiongea sana mbele za watu naanza kugomba. Ukiona ndovu, tuma ujumbe. Simu ikilia, toka na debe. Simu ikinyamaza, hakuna ndovu, lala usingizi wako. Walinipigia makofi, wakaniandikia nambari zao.

Na ilifanya kazi, msiseme sikusema. Ujumbe uliingia, watu walitoka, ndovu waligeuzwa hata kabla hawajafika kwenye ua. Mahindi ya mama yakabeba. Yeye ambaye kwa miaka alikuwa akilala sikio nje, akaanza kulala mpaka jua linachomoza, na akanieleza hilo kwa aibu kidogo, kana kwamba ni uvivu. Mzee jirani yake, aliyekuwa hodari wa debe kuliko wote, akaligeuza debe lake likawa la kunyweshea kuku.

Kuna siku programu ilikuwa inazimika. Nilikuta skrini imeganda, nikaiwasha tena, nikailaani kampuni ya intaneti, yakaisha. Laptop yangu ilikuwa juu ya kaunta wakati wote, wazi, imechomekwa kwenye stima, na mimi nikiitazama kila nikipita. Sikujiuliza kwa nini seva ya Ulaya inasumbuka intaneti ya Voi ikikatika. Nilidhani ndivyo dunia ilivyo.

Pojo zilipokauka mama alinipigia nikamsaidie kuvuna, na mahindi yangefuata baadaye kidogo. Nikaomba ruhusa dukani. Nikafunga laptop, nikaitia kwenye mkoba, maana nilitaka nimwonyeshe mzee jirani hicho kitu chenyewe kinachotuma ujumbe. Nilikuwa najivuna, kwa nini nifiche? Nikapanda boda mpaka kwetu. Tulikula vizuri jioni ile. Mama alikuwa na furaha, alinitania kwamba sasa nitafute mume wa klaudi. Akalala na simu karibu na mto.

Asubuhi nilitoka kwenda kunawa uso, nikasimama mlangoni na maji mkononi. Ua ulikuwa umelala chini. Pojo hazikuwepo, ardhi ilikuwa imevurugwa. Mahindi yalikuwa yamevunjwa mstari kwa mstari hadi karibu na kaburi la baba, magunzi na majani yametapakaa, na mavi ya ndovu bado yanatoa mvuke. Nilimwita mama. Alikuja na leso yake, akaangalia, akakaa chini kwenye kizingiti.

Mzee jirani akafika anahema. Kwake pia walikuwa wamepita.

"Nilituma," alisema. "Haki ya Mungu nilituma, mara mbili. Nikaona hakuna anayetoka na debe, nikasema basi wameshageuzwa."

Mama aliongea na mimi, kwa sauti ya chini. "Niliwasikia. Nilisikia mahindi yakivunjika. Nikashika simu nikaona iko kimya, nikasema ni upepo."

Na mimi nililala chumba cha pili bila kusikia hata panya.

Nilifungua laptop hapo hapo kizingitini, nikainunulia bando, nikaingia kwenye seva. Programu haikuwepo. Seva yenyewe ilikuwa nzima, haina habari. Baadaye nilikuja kuelewa, na ningependa kueleza kwa lugha rahisi kwa sababu hata mimi ilinichukua muda kuikubali. Programu niliyoiwasha kutoka kwenye lile dirisha jeusi la amri kwenye laptop yangu ilikuwa imeshikilia dirisha hilo. Nilidhani iko Ulaya inajitegemea. Kumbe ilikuwa hai kwa sababu laptop yangu iko wazi juu ya kaunta Voi, na nilipofunga kifuniko niende kujivuna, niliiua. Kuna amri fupi ya kuifanya ibaki yenyewe hata ukiondoka. Ilielezwa kwenye video ile ile niliyoifuata, mwishoni, na mimi sikufika mwishoni kwa sababu ujumbe ulikuwa umeshaanza kwenda.

Hakuna aliyenigombeza. Mzee jirani alisema mashine ni mashine. Mama aliniambia ninywe chai. Nilitaka mtu anitukane, anishike hata mashati, maana hasira yangu ilikuwa imekosa pa kwenda. Majirani walikuwa na madebe na masikio na walijua kuyatumia, halafu mimi nikasimama kanisani nikawaambia walale.

Kaka alikuja na pikapu mwenyewe. Kwa hilo hakuchelewa. Tulipakia kitanda, sufuria na mbuzi wawili ambao aliwauza njiani. Mama alizunguka nyuma ya nyumba akakaa huko, na hakuna aliyethubutu kumwita. Aliporudi alipanda mbele na hakugeuka kutazama.

Sasa anaishi kwangu, chumba kimoja karibu na reli. Mimi nilirudi kwenye seva, nikajikaza kisabuni, nikajifunza yale ya mwisho wa video na mengine mengi. Siku hizi programu inajiwasha hata seva ikizimwa na kuwashwa upya. Nikifunga laptop inaendelea, nikiugua inaendelea. Ujumbe haukosi. Ndovu watatu karibu na bwawa. Ndovu njia ya kanisa. Na mara nyingi: ndovu shamba la mama aliyehama.

Nambari ya mama ilikuwa bado imo. Kila simu ilipolia alisoma kwa sauti. Alisusa chakula. Alikonda mbele ya macho yangu, akisoma kila siku jinsi wanavyotembea kwenye shamba lake hakuna wa kuwafukuza. Sikuweza tena. Siku moja nikiwa dukani nikaifuta nambari yake kwenye orodha, amri moja tu, na sikumwuliza. Nilisema moyoni, afadhali asijue.

Akapata nafuu, jamani. Alianza kula. Akamsalimu mama wa chumba cha pili, akaomba ufagio, akauliza soko liko upande gani. Nilimshukuru Mungu, na nikajipongeza pia, nisidanganye.

Halafu nikarudi kutoka kazini nikamkuta amekaa kitandani, amevaa nguo zake za kanisa na viatu. Pembeni yake kulikuwa na mzigo uliofungwa vizuri kwa leso.

"Safari ya wapi, Mama?"

"Nyumbani. Kumetulia." Alinyoosha simu nione. "Siku hizi hailii kabisa. Wameenda zao wale. Mvua iko karibu, nirudishe nikapande."

Uso wake ulikuwa umechangamka. Sikuwa nimeuona hivyo tangu jioni ile ya pojo. Mimi mwenye mdomo, mimi niliyezaliwa nikigomba, nikautua mkoba chini. Nikakaa sakafuni mbele yake.

"Mama, hawajaenda. Nilikufuta."

"Ulinifuta wapi?"

"Kwenye orodha ya simu. Ujumbe unaenda kwa wengine wote. Kwako niliuzuia."

Treni ilipita, madirisha yakatetemeka, akangoja ipite.

"Kwa hivyo wako shambani kwangu."

"Wako. Hata jana walikuwako."

Mkono wake ulikuwa juu ya fundo la leso, nikadhani atalifungua. Hakulifungua.

"Nirudishe," alisema.

"Mama, hakuna kitu kule. Tutakupeleka ukale nini? Kaka ameshawakodishia wenye…"

"Nirudishe kwenye simu," alisema. "Kule ni kwangu. Wakiingia, niambiwe."

Nikaitoa laptop kwenye mkoba, nikaifungua juu ya magoti yangu, nikaandika nambari yake chini kabisa ya orodha. Yeye akabaki vile vile kitandani na viatu vyake vya kanisa, simu kwenye kiganja, akingoja kuambiwa kwamba ndovu wameingia kwake.