Babu yao mmoja, mimi wawili

Jamani, leo nimeambiwa mimi ni watu wawili!

Mnajua namtunza bibi mmoja Mzungu hapa Westerville. Tangu asubuhi yeye na mwanawe walikuwa wanapekua nyaraka za zamani, wanamtafuta babu yao wa kwanza kufika huku Marekani.

Karatasi moja inasema Meyer. Nyingine Mayer. Ya tatu Myers, na hata mwaka wa kuzaliwa ni tofauti.

Mwanawe anashangilia: "Ndiye huyu huyu! Makarani wa zamani waliandika walivyosikia."

Nikafurahi nao, kweli. Nikawachemshia na chai.

Halafu nikampa huyo mwanawe vitambulisho vyangu, maana yeye ndiye anayejaza fomu zangu za kazi. Kimoja kimeandikwa Nizigiyimana, kingine Nizigimana. Karani wa kambi ya wakimbizi aliruka herufi mbili, mnawajua wenyewe.

Akakunja uso. "Hawa ni watu wawili. Wewe ni yupi?"

Mimi ni yupi! Na nimesimama mbele yake, birika mkononi!

Nikamuuliza, "Na babu yako, yeye ni watu wangapi?"

Bibi akacheka hadi akakohoa. Lakini mwanawe fomu hakusaini.

Nyie wenzangu wa kambini mlioko Louisville na Buffalo, hebu niambieni: kwenye karatasi zenu, mko wangapi?