Karatasi Zilizojibu kwa Sauti Moja

Mimi ni mtu wa kushuku. Mke wangu husema nitashuku hata chumvi ndani ya mboga ya sombe. Kwa hiyo siku mwanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho aliponiletea bahasha ya karatasi za utafiti wake, hapa chuoni kwetu Baraka, sikusema asante. Niliinusa.

Ilinuka ndagala.

Mama yake anauza ndagala kule Mboko, jambo hilo nililijua. Lakini karatasi zilipaswa kujazwa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, ndani ya darasa, na mtu asiondoke nazo. Sasa zilifikaje kwenye samaki? Nikazitoa. Alikuwa ameuliza jinsi wanafunzi wa chuo wanavyojifunza: kama wanamuuliza mwalimu maswali, kama wanasoma kitu kingine zaidi ya notisi, kama wamewahi kukataa jambo walilofundishwa. Mwandiko ulikuwa tofauti kila karatasi. Majibu yalikuwa yale yale. "Ndiyo, tunauliza maswali kila mara, kwa sababu mwalimu anaeleza polepole na kwa upendo." Neno kwa neno, hadi ule upendo.

Nilikasirika. Na niseme ukweli, nilifurahi pia kidogo, kama mtu aliyetega panya akasikia mtego umefyatuka. Hadithi yote nilikuwa nayo tayari kichwani: alikaa Mboko, akagawa karatasi kwa ndugu na majirani, akawatajia la kuandika. Si yeye wa kwanza.

"Nani alijaza hizi?" nikamuuliza.

"Banafunzi, mwalimu."

"Wote wana kichwa kimoja?"

"Mi nilibapatia karatasi, bakaniomba nitoke inje kidogo. Nikatoka. Niliporudia, bilikuwa bimeisha."

"Na ndagala?"

"Nilipitia kwa mama, mwalimu. Nililala kule, bahasha ilikuwa ndani ya kitunga yake."

Jibu lilikuwa jepesi mno, na majibu mepesi ndiyo ninayoyaogopa. Wiki iliyofuata alitakiwa kutetea kazi yake mbele ya walimu. Bila sahihi yangu asingesimama pale, mwaka ungepotea, na shule moja ya Nundu iliyomwekea nafasi ya kufundisha isingemngoja. Alijua hivyo, nami nilijua. Nikarudisha kalamu mfukoni, nikamwambia anisubiri hapo hapo, nikaenda darasa la mwaka wa kwanza. Somo ambamo karatasi zilipaswa kujazwa ni langu mwenyewe.

Kila darasa kwetu lina chefu wa promosheni, mwanafunzi anayewasemea wenzake. Wao walikuwa na mwanamume wa makamo, baba wa watoto, aliyefundisha shule ya msingi miaka mingi kabla ya kuja chuoni. Nikainua karatasi, nikamuuliza nani aliyeandika vile. Alisimama bila haya yoyote.

"Ni siye, mwalimu. Mi niliandika jibu kwa ubao, bote bakakopia."

"Kwa nini?"

"Tulizani bakubwa ba chuo beko banakuchunguza. Tukasema tusikuharibie. Muntu mumoja akiandika mubaya, ni we utaumia."

Nilimkazia macho nikitafuta uongo, sikuuona. Walinionea huruma, au walizionea huruma pointi zao? Hadi leo sijui, na swali hilo bado linanikera.

Nikawahutubia kwa hasira. Niliwaambia karatasi ile haikuwa mtihani. Utafiti hauna jibu la ubaoni. Kila mtu ajibu lake mwenyewe, hata kama linamuumiza mwalimu. Wote waliinamisha vichwa, nikadhani maneno yamewaingia.

Kisha mama mmoja wa benchi la nyuma akainua mkono.

"Mwalimu, urudilie pole pole. Ulisema 'hata kama' nini?"

Nikatazama vizuri. Wote walikuwa wanaandika. Daftari lililokuwa karibu nami lilikuwa limeshapigwa mstari kwa rula chini ya maneno "Utafiti hauna jibu la ubaoni", kama ninavyowaagiza siku zote kupigia mstari vichwa vya somo. Miaka yote nimefundisha hivyo: nasoma, wanaandika, narudia, wanaandika. Niliona aibu, na sikuwa na mtu wa kumshuku.

Niliporudi ofisini mwanafunzi wangu alikuwa bado amesimama, ingawa kiti kilikuwepo. Nikamwomba radhi, nikamsimulia yaliyotokea darasani. Nikatia sahihi, kisha nikamwambia aongeze ukurasa mmoja, aeleze karatasi zilivyojazwa, ubao na yote, na niliyoyaona darasani.

Alizikusanya karatasi zake taratibu, akazirudisha kwenye bahasha.

"Mwalimu wa ile kozi," akauliza, "nimwandike?"

"Mwandike," nikasema.